Kiingilio cha Mpira Mikoani na Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga

Kiingilio cha mpira wa miguu kilianza na uzio. Kiwanja kilicho wazi pande zote hakina mlango, na pasipo mlango hakuna wa kutozwa. Katika kata za Sumbawanga kama Kasense, sawa na sehemu nyingi za Tanzania, mpira mwingi bado huchezwa hivyo: magoli ya miti, mistari ya majivu au chokaa, watazamaji wamesimama ukingoni. Gharama zake hubebwa na michango. Diwani au mfanyabiashara wa mahindi hutoa jezi, vijana huchangishana mpira, na bingwa wa ligi ya kijiji hupewa mbuzi, pengine ng'ombe pakiwa na mfadhili mkubwa. Hakuna anayezuiwa kutazama kwa sababu hana fedha. Mtu aliyekulia katika mpira wa aina hiyo anapofika kwenye geti la uwanja wa mkoa na kutajiwa bei, swali lake huwa la haki kabisa: fedha hiyo inakwenda kwa nani?

Uingereza, ambako mpira wa kulipia ulikomaa mapema, suala la kiingilio lilipewa kanuni tangu karne ya 19. Ligi ya huko iliundwa mwaka 1888, na mwaka 1890 klabu zake zilikubaliana kiingilio kisiwe chini ya peni 6. Lengo lilikuwa kuzuia klabu moja isiuze rahisi na kuziua jirani zake. Katika Tanganyika ya kikoloni mpira ulikuwa mdogo mno kuhitaji kanuni ya namna hiyo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote Dar es Salaam, na kwa miaka mingi ziliishi kwa ada na michango ya wanachama zaidi kuliko kwa tiketi. Uwanja wa Taifa wa kwanza, unaoitwa leo Uwanja wa Uhuru, ulifunguliwa mwaka 1961. Ligi ya taifa ikafuata mwaka 1965, ikachukuliwa na Sunderland, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Simba.

Mikoani mlango ulikuja pamoja na viwanja vilivyojengwa baada ya uhuru, hasa wakati wa chama kimoja. Vingi kati ya hivyo vilijengwa kwa nguvu na michango ya wananchi: fedha zilizokusanywa kwa wafanyakazi na wakulima, mawe na mchanga uliobebwa kwa kujitolea. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, viwanja vingi vilibaki mikononi mwa chama tawala, CCM, na majina kama CCM Kirumba ya Mwanza yanalisema hilo waziwazi. Jambo hili lina uzito katika historia ya bei. Mwananchi aliyechangia ujenzi hakupata hisa wala punguzo. Alipokwenda kutazama mechi alilipa kiingilio kamili, na sehemu ya kiingilio hicho ikalipwa kwa mwenye uwanja kama pango.

Miaka ya 1980 ilionyesha kwamba klabu za mikoani zinaweza kusimama. Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa Muungano (Bara na Zanzibar) mwaka 1985 na 1986, na Tukuyu Stars kutoka Mbeya ikawa bingwa wa Bara mwaka 1986. Hata hivyo klabu za wananchi za aina hiyo zilikuwa dhaifu mfukoni, kwa kuwa mapato yao makubwa yalikuwa ya mlangoni, na mlango wa mji mdogo hauingizi cha kutosha kulipa mishahara na nauli za msimu mzima. Timu zilizodumu zaidi ni zile zenye mwajiri nyuma yake: Magereza, Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa, kiwanda cha sukari cha Mtibwa. Timu ya Tanzania Prisons, mali ya Jeshi la Magereza mjini Mbeya, haikulazimika kuuza tiketi ili wachezaji wake wale. Kwa mtazamaji hiyo ni nafuu kubwa, maana timu isiyoishi kwa kiingilio inaweza kukiweka chini. Kwa klabu ya wananchi iliyo katika ligi ileile ni ushindani mgumu, na wengi wa wapinzani hao wa Prisons wameshashuka daraja.

Bei yenyewe ni nusu tu ya habari; nusu ya pili ni mgao. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza kutozwa nchini tarehe 1 Julai 1998 kwa kiwango cha asilimia 20, ikashushwa hadi asilimia 18 mwaka 2009, na tiketi ya mpira inahesabiwa ndani yake. Miaka ya mwanzo ya 2010, baada ya kodi na gharama ya kuchapa tiketi, kila klabu kati ya mbili zilizocheza ilipata asilimia 29.5 ya kilichobaki. Uwanja ulichukua asilimia 15. Kilichosalia kiligawanywa kwa gharama za mchezo, Kamati ya Ligi, Mfuko wa Maendeleo ya Mpira wa Miguu na chama cha soka cha mkoa. Tukichukua tiketi ya Sh 5,000, kodi peke yake ni karibu Sh 763. Katika Sh 4,237 zilizobaki, kabla hata ya kutoa gharama za tiketi, klabu mwenyeji ilipata Sh 1,250 hivi. Shabiki aliyelipa noti ya elfu tano akidhani anaichangia timu ya mkoa wake alikuwa ameipa robo yake. Lawama za bei mara nyingi ziliiangukia klabu, ingawa sehemu kubwa ya bei hiyo haikuwahi kufika kwake.

Mgao ule wa nusu kwa nusu kati ya mwenyeji na mgeni ulikuwa na faida kwa wadogo. Timu ya mkoani iliyosafiri kwenda Dar es Salaam kucheza na Simba au Yanga ilirudi na sehemu ya mapato ya uwanja wa watu 60,000 uliofunguliwa mwaka 2007, uwanja unaoitwa tangu mwaka 2020 Benjamin Mkapa. Uingereza nako mgeni alikatiwa asilimia 20 ya mapato ya mlangoni tangu mwaka 1919, mpaka klabu kubwa zilipofanikiwa kuiondoa kanuni hiyo mwaka 1983. Tanzania ilikuja kufuata njia hiyohiyo: kanuni zilibadilishwa, mwenyeji akaanza kubaki na mapato ya nyumbani kwake. Hoja ilikuwa kwamba anayeandaa mechi ndiye anayebeba gharama, na haikukosa mantiki. Lakini matokeo yake kwenye bei za mikoani yalikuwa ya moja kwa moja. Timu ndogo ambayo zamani ilipata chochote Dar es Salaam sasa inapata fedha ya maana siku mbili tu kwa mwaka, siku Simba na Yanga zinapokuja kwake. Siku hizo mbili ndipo kiingilio kinapopandishwa.

Sumbawanga iliingia katika hesabu hizo kwa kuchelewa, na sababu kubwa ilikuwa barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi mji huo ni zaidi ya kilomita 1,100. Kipande cha mwisho, kutoka Tunduma, kilomita zipatazo 220, kilikuwa cha vumbi na tope mpaka kilipowekwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Bila lami hiyo, kuileta ligi kuu Ufipa, nyanda za juu ulipo mji huo, kila baada ya wiki mbili kungekuwa mateso kwa timu. Ndipo mwaka 2020 Uwanja wa Nelson Mandela ulipopata fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Ligi ilikuwa imesimamishwa Machi kwa sababu ya korona na kurejea Juni, hivyo fainali ikasogea hadi tarehe 2 Agosti. Simba iliifunga Namungo ya Lindi 2-1.

Tarehe hiyo, iliyopatikana kwa bahati, ilifaa Ufipa kuliko kalenda yoyote ambayo ingepangwa Dar es Salaam. Nyanda za juu za Ufipa hulimwa mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti. Mvua huanza Novemba na kuisha Aprili, mavuno huanza Mei, na fedha huonekana mikononi mwa watu Juni, Julai na Agosti. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na wafanyabiashara wanapokuwa wananunua mahindi, kiingilio ni kitu kinacholipika. Msimu wa ligi, kinyume chake, unakwenda na miezi ya shida. Prisons walipohamishia mechi zao za nyumbani Sumbawanga msimu wa 2020/21, waliifunga Simba, bingwa mtetezi, 1-0 tarehe 22 Oktoba 2020 kwa bao la Samson Mbangula, kisha wakatoka sare ya 1-1 na Yanga tarehe 31 Desemba. Mkulima wa Kasense au Laela aliyetaka kuziona mechi hizo alitakiwa kutoa fedha wakati uleule wa kutafuta mbolea, mbegu na vibarua wa palizi. Mwaka 2021 bei ya mahindi ilipokuwa Sh 500 kwa kilo kwa wakala, tiketi ya Sh 5,000 ilikuwa na thamani ya kilo 10, chakula cha nyumba kwa siku kadhaa. Mtumishi wa halmashauri anayelipwa kila mwisho wa mwezi huona bei hiyohiyo kwa jicho jingine. Kiingilio kimoja kwa nchi nzima kinaonekana cha usawa kwenye karatasi, lakini hakina usawa kwa watu ambao mwaka wao una miezi mitatu tu ya fedha.

Hapo ndipo pia inapoeleweka kwa nini tiketi ya msimu haikuota mizizi. Katika ligi ya timu 16, kila klabu ina mechi 15 nyumbani. Klabu ndogo inayouza tiketi ya mechi zote kwa mkupuo humwomba shabiki alipie mechi 13 za kawaida ili ahakikishiwe mbili za Simba na Yanga. Wengi katika miji ya mikoani, Sumbawanga ikiwemo, ni mashabiki wa mojawapo ya klabu hizo mbili kabla ya kuwa mashabiki wa timu iliyo karibu nao, na siku ya mechi hukaa upande wa mgeni. Zaidi ya hayo, tiketi ya msimu hudai uwanja usiohama. Mtu wa Mbeya ambaye angenunua tiketi ya mwaka ya Prisons angejikuta timu yake inacheza kilomita zaidi ya 300 kutoka kwake. Mahali pa tiketi ya msimu pamekaliwa na kadi ya uanachama, ambayo humpa mtu kura katika mkutano mkuu lakini haimpi kiti uwanjani.

Kwingineko klabu ndogo zimejaribu njia zinazolingana na mifuko ya watu wao. FC United of Manchester, klabu ya daraja la chini inayomilikiwa na wanachama, iliamua mwaka 2009 kwamba kila mtu atoe kwa tiketi ya msimu anachokiweza, mradi asishuke chini ya kiwango kilichowekwa. Kwenye ligi kuu ya Uingereza mabadiliko yalidai shinikizo: Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool walitoka uwanjani dakika ya 77 kupinga tiketi ya pauni 77, na kuanzia msimu uliofuata tiketi ya shabiki mgeni ikawekewa ukomo wa pauni 30. Njia ya Manchester ingeweza kuigwa Ufipa bila taabu kubwa, kwa kuwa inafanana na mchango wa kijijini: mwenye nacho hutoa zaidi, asiyenacho hutoa kidogo, wote hutazama.

Tatizo ambalo bei peke yake haikuweza kulitibu ni uvujaji. Tiketi za karatasi zilirudishwa mlangoni na kuuzwa mara ya pili, za bandia zilichapwa, watu walipitishwa kwa kujuana, vijana waliruka ukuta. Kila anayeingia bure kwa hila huhamishia gharama yake kwa aliyepanga foleni. Msimu wa 2013/14 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilileta tiketi za elektroniki kwa kushirikiana na benki ya CRDB, zikatumika kwenye viwanja kadhaa vya mikoa. Mashine ziligoma, foleni zikawa ndefu, klabu zikalalamika, na karatasi ikarudi. Dar es Salaam mfumo mwingine wa elektroniki uliwekwa Uwanja wa Taifa (Benjamin Mkapa wa leo) mwaka 2016, na baadaye ikaja kadi ya N-Card inayojazwa fedha kwa simu.

Mabadiliko makubwa zaidi yametoka kwenye televisheni. Mwezi Mei 2021 TFF na Azam TV walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6, na benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi tangu msimu wa 2021/22. Klabu ndogo sasa ina fedha ya uhakika isiyotegemea idadi ya watu getini, na hivyo inaweza kushusha kiingilio bila kufa njaa. Kamera hizohizo zimempa mtazamaji chaguo jingine. Kibanda umiza cha mtaani huonyesha mechi kwa Sh 500 au 1,000, kukiwa na benchi, kivuli na kelele za kutosha, na pale ndipo Mfipa mwenye fedha kidogo huitazama Simba mwezi Januari. Klabu inayopanga kiingilio cha mechi ya kawaida mjini Sumbawanga inashindana na bei hiyo.