Walipoanza Watu Kuulizana Habari za Fikira

Kwa karne nyingi wenye hekima waliandika juu ya fikira za binadamu hali kila mmoja akichungulia nafsi yake peke yake, kisha akiwahukumia watu wote kwa aliyoyaona humo. Aristotle alifundisha ya kwamba nafsi haifikiri kamwe pasipo taswira. John Locke, Mwingereza, akanena katika karne ya 17 kwamba akili yaweza kuwaza pembetatu ya jumla, isiyo ya umbo hili wala lile. Naye George Berkeley wa Ireland, ambaye baadaye alipata uaskofu, akamjibu mwaka 1710 ya kuwa yeye, ajapojitahidi vipi, hakuweza kuiwaza pembetatu ya namna hiyo. Ubishi wao wasomeshwa hadi leo kama ugomvi wa kanuni, nami naona yamkini kila mmoja alikuwa akisimulia kwa insafu jinsi akili yake mwenyewe ilivyoumbwa.

Aliyeliondoa jambo hili katika ubishi akaliuliza kwa mapana ni Francis Galton, binamu yake Charles Darwin, aliyechapisha matokeo yake katika jarida la Mind mwaka 1880. Swali lake lilikuwa jepesi: aliwataka watu waifikirie meza ya chamshakinywa jinsi walivyoikalia asubuhi ile, kisha waeleze kama taswira iliyowajia ni ya kiza au ya nuru, kama vyombo vimepambanuka, na kama rangi zake ni dhahiri. Alianza kwa rafiki zake wanasayansi, nao wakamstaajabisha, kwani wengi walijibu kwamba hawaoni kitu, na kwamba maneno ya kuona kwa jicho la moyo waliyachukua siku zote kuwa ni tamathali ya usemi tu. Alipowageukia watu wengine, wanaume kwa wanawake na watoto wa shule, akawakuta tele wanaoiona meza yao waziwazi, kwa rangi zake zote.

Galton alikuwa mwuliza hodari, lakini hakuwa mwamuzi mwema. Majibu ya wanaume 100 aliyapanga kwa safu, toka lenye nuru kabisa hata lenye kiza kabisa, akakata shauri kwamba mazoea ya fikira za dhana tupu ndiyo yanayofisha taswira, neno ambalo watafiti walioupitia upya uchunguzi wake mwaka 2006 hawakuliona kuwa kweli. Tena kitabu cha mwaka 1883 alichokusanyia habari hizi ndicho alichotungia jina la ile itikadi ya kuchagua nani azae na nani asizae, ambayo kwayo watu wengi mno walidhulumiwa katika karne iliyofuata. Yaniuma kwamba mtu aliyetambua mapema vile jinsi nafsi zinavyohitilafiana hakuweza kuitazama hitilafu pasipo kuitafutia daraja ya juu na ya chini.

Mwaka 1913 John Watson wa Marekani alitangaza kwamba elimu ya nafsi iangalie matendo tu, iachane na habari za ndani, na kwa miaka mingi wengi wakamfuata. Katika miaka ya 1970 Russell Hurlburt, Mmarekani pia, akaanza kuwapa watu kifaa kidogo chenye kulia kwa ghafla, ili kila kiliapo mtu aandike lililokuwamo katika fahamu yake nukta ile. Akakuta wako wenye kujisemea moyoni mara kwa mara, na wako ambao karibu hawajisemei kabisa.

Walakini aliyelifufua swali la Galton ni Adam Zeman, tabibu wa ubongo na mishipa ya fahamu aliyekuwa wakati huo katika Chuo Kikuu cha Exeter. Mwaka 2010 yeye na wenzake walieleza habari za mwanamume aliyepotewa na taswira zote baada ya matibabu ya moyo. Habari hizo zilipoenea, wakajitokeza watu 21 waliosema kwamba wao hawakuwa na taswira tangu kuzaliwa, na mwaka 2015 hali yao ikapewa jina la afantasia. Walipoulizwa nyumba zao zina madirisha mangapi waliweza kujibu, wakieleza kwamba wanajua tu, pasipo kuona. Na wengi wao huota ndoto zenye picha. Zeman hawaiti wagonjwa, naye kwa hilo amemzidi Galton kwa mbali. Miongoni mwa waliojitambua kuwa na hali hiyo yumo Ed Catmull, mmoja wa waasisi wa Pixar, kampuni iliyotengeneza filamu nzima ya kwanza ya picha za kompyuta.