Hijra katika siasa na ajira za India

Hijra ni jamii ya kale ya Bara Hindi. Wengi wao walizaliwa wakihesabiwa wanaume, kisha wakaishi kwa majina, mavazi na mwenendo wa kike, mara nyingi chini ya ulezi wa guru, yaani mwalimu na kiongozi wao. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1871 iliwaingiza katika daftari la polisi kama washukiwa wa kudumu. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 487,803 katika safu ya “nyingine”. Maandishi mengi kuwahusu hulaumu dharau ya jamii, nayo ipo. Hata hivyo, kumbukumbu za chaguzi na za mahakama zinaonyesha kizuizi kingine kisichotajwa sana, nacho ni fomu yenye visanduku viwili, ambayo imewafungia mlango hata pale raia walipokwisha kuwakubali.

Siasa

Shabnam Mausi, ambaye ni hijra, alikuwa mjumbe wa Sohagpur katika Bunge la jimbo la Madhya Pradesh hadi mwaka 2003. Kiti chake kilikuwa wazi kwa yeyote, kwa hiyo jinsia yake haikuhitaji kuamuliwa na hakimu. Katika jimbo hilohilo Kamla Jaan alichaguliwa meya wa Katni, ambako umeya ulikuwa umetengewa wanawake. Fomu zake zilipokewa, akaruhusiwa kugombea, na wapiga kura wakamchagua. Baadaye ikafunguliwa kesi, na ushindi ukabatilishwa kwa hoja kwamba alizaliwa mwanaume. Mahakama Kuu ya jimbo iliunga mkono uamuzi huo mwaka 2003. Wanaoutetea husema kiti cha wanawake kikigombewa na wengine, maana ya kukitenga imepotea. Hoja hiyo ina uzito, lakini imejibu nusu ya swali. Ilieleza mahali ambapo Kamla Jaan hakustahili kusimama, ikamwachia njia moja tu, ya kujiandikisha mwanaume mbele ya watu waliomjua vingine. Ni mwaka 2009 tu ndipo Tume ya Uchaguzi ilipowapa hijra safu yao katika daftari la wapiga kura. Mahakama ya Juu ilitambua jinsia ya tatu tarehe 15 Aprili 2014, na haukupita mwaka kabla ya Madhu Kinnar, aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuimba kwenye treni, kushinda umeya wa Raigarh kwa tofauti ya zaidi ya kura 4,500.

Vyombo vya habari

Baada ya uamuzi huo wa Mahakama ya Juu, Padmini Prakash, mwanamke aliyebadili jinsia, alianza kusoma taarifa ya habari katika televisheni ya Lotus News ya Coimbatore tarehe 15 Agosti 2014; Marvia Malik alifuata vivyo hivyo nchini Pakistan mwaka 2018.

Kazi

Prithika Yashini, naye mwanamke aliyebadili jinsia, aliomba kazi ya inspekta msaidizi wa polisi katika Tamil Nadu, na maombi yake yakakataliwa: fomu haikuwa na nafasi yake, na jina lake jipya halikulingana na vyeti vya shule. Mahakama Kuu ya Madras iliamuru mwaka 2015 aajiriwe. Tatizo la vyeti linajulikana Kenya pia, ambako Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, alilishtaki Baraza la Kitaifa la Mitihani. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru apewe cheti kipya cha mtihani wa sekondari (KCSE) chenye jina lake la sasa, bila alama ya jinsia. Alama za mtihani, kwa kweli, hazitegemei jinsia ya mtahiniwa.

Mtu anaweza kupinga kwamba karatasi si kitu, kikwazo ni watu. Ushahidi anao. Kampuni ya metro ya Kochi iliajiri hijra na wengine waliobadili jinsia zaidi ya 20 mwaka 2017, na wanane wakaacha kazi baada ya muda mfupi, kwa kuwa wenye nyumba walikataa kuwapangisha. Manabi Bandyopadhyay, mwanamke aliyebadili jinsia, akiwa mkuu wa chuo cha wanawake cha Krishnagar aliandika barua ya kujiuzulu akilalamikia kunyimwa ushirikiano. Lakini mwenye nyumba anayekataa anakuachia nyumba nyingine ya kuulizia, ilhali cheti kilichokataliwa kinakufuata kila ofisi.

Sheria

Sheria ya India ya mwaka 2019 kuhusu watu waliobadili jinsia inampa mkuu wa wilaya mamlaka ya kutoa cheti cha utambulisho, na anayetaka kuandikwa mwanamke au mwanaume hudaiwa uthibitisho wa hospitali. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2023 yaliyowatengea wanawake theluthi moja ya viti vya bunge hayasemi lolote kuhusu hijra, kwa hiyo swali la Katni halijajibiwa.