FAST (Familia na Shule Pamoja)

FAST ni programu ya elimu ya malezi inayoendeshwa shuleni baada ya masomo, hasa katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Ilianzishwa mwaka 1988 mjini Madison, Wisconsin, Marekani, na Lynn McDonald, mtaalamu wa ustawi wa jamii ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Middlesex, London.

Uendeshaji

Familia hukutana mara moja kwa wiki kwa wiki 8, takriban saa mbili na nusu kila mara. Wasimamizi ni mwalimu, mzazi wa shule hiyohiyo na wafanyakazi wa taasisi za jirani, na ni sharti timu ifanane na familia kwa asili na lugha. Kila familia ina meza yake na bendera iliyojitengenezea. Wakati wa chakula mzazi habanduki kitini: humtuma mwanawe, naye humletea sahani kabla ya kujipakulia yake.

Mihadhara hakuna. Watu wazima huketi wawili wawili kwa robo saa, wakisikilizana kwa zamu, kisha huunda duara la mazungumzo wanayoyaongoza wenyewe. Hufuata robo saa ya mchezo kati ya mzazi na mtoto mmoja. Hapo mtoto ndiye mwamuzi. Mzazi haruhusiwi kufundisha, kuamrisha wala kukosoa, sharti gumu kuliko linavyosikika. Mwishoni huchezeshwa bahati nasibu ambayo matokeo yake yamepangwa kwa siri ili kila familia ishinde mara moja. Mshindi hupata kapu la zawadi, pamoja na fedha za kuwapikia wenzake wiki inayofuata.

Baada ya mahafali yanayohitimisha wiki hizo 8, wazazi huendeleza mikutano ya kila mwezi kwa miaka 2.

Matokeo

Utafiti katika shule 52 za San Antonio na Phoenix, zenye wanafunzi wengi wenye asili ya Amerika ya Kilatini, uligundua kuwa wazazi walifahamiana zaidi na wazazi wenzao, lakini alama za watoto hazikupanda. England, ambako programu ilisambazwa na shirika la hisani la Save the Children, jaribio la shule 158 lililochapishwa mwaka 2018 nalo halikuona nafuu katika kusoma wala hesabu. Mtihani, hata hivyo, ni kipimo finyu kwa programu iliyobuniwa kujenga ujirani.

Nchi nyingine

UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, iliipeleka FAST Asia ya Kati.