Miaka Sitini ya Walinzi wa Tufani Hewani

Mwezi wa Septemba, mwaka 1965, tufani iliyopewa jina la Betsy, baada ya kushika njia ya kaskazini, iligeuza mwendo wake baharini, ikarudi kusini-magharibi, ikavipiga visiwa vya Bahamas na kisha ncha ya Florida; na katika siku zile za taharuki ndipo wanaredio wa ridhaa, watu ambao leseni zao haziwaruhusu kupokea hata senti kwa kazi yao, walipokutana katika masafa ya kilohezi 14,325 kupeana habari za upepo na bahari. Mkutano ule, ulioanza pasipo katiba wala ofisi, ndio uliozaa jumuiya ya Hurricane Watch Net.

Huenda msomaji akastaajabu kwamba watabiri wa Miami, wenye setilaiti na ndege zipenyazo hadi jicho la tufani, wamhitaji mtu aliyejifungia chumbani kisiwani na betri ya gari. Lakini ndege hupima upepo kwa kimo cha maelfu ya futi, na ule wa chini, uezuao mapaa, aghalabu hukisiwa. Bali mtu yule huisoma barometa yake ukutani na kuarifu saa ile ile. Tena, kwa kuwa mawimbi mafupi hupita juu ya walio karibu yakatua mbali, sauti ya mtu wa kisiwa cha Antigua yaweza kupotea njiani kuelekea Miami na kusikika barabara kwa mtu wa nchi nyingine kabisa, naye huifikisha huko. Usiku, masafa ya kilohezi 14,325 yafifiapo, wanaredio wote huhamia kilohezi 7,268.

Hata hivyo, kwa rai yangu, fadhila yao kubwa ni kunyamaza. Tufani ikiwa maili 300 hivi kutoka nchi kavu, msimamizi wa jumuiya huyashika masafa, na wasikilizaji wote hukaa kimya, ili mwenye kipimo mkononi, ijapokuwa sauti yake ni hafifu, asizibwe na wenye mitambo mikubwa na maneno mengi, ambao hawakosekani katika baraza lolote.

Tangu mwaka 1980 wanaredio wamekuwa na stesheni yao ndani ya Kituo cha Taifa cha Tufani cha Marekani, wanakofanya kazi watabiri wale wa Miami, hatua chache tu kutoka meza ya mtabiri. Alfajiri ya Agosti 24, 1992, tufani Andrew iling'oa rada juu ya paa la jengo la Coral Gables, kilimokuwa kituo hicho wakati ule pamoja na stesheni yao. Kituo kilipohamia viwanja vya Chuo Kikuu cha Florida International mwaka 1995, stesheni nayo ikahama, na leo huitwa hewani kwa alama ya WX4NHC.