Masoko ya Noeli na Maandalizi ya Mwamini

Soko la Noeli ni gulio linalofanyika katika viwanja vya miji ya Ulaya wakati wa Majilio. La Dresden, Ujerumani, lilianza mwaka 1434 kama soko la siku moja. La Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1570. Huuzwa humo mishumaa, mikate ya tangawizi na sanamu za pango, desturi iliyoenea baada ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi kuandaa pango huko Greccio mwaka 1223.

Kwetu Tanga, mwamini huenda soko la Mgandini kununua mchele na viungo vya pilau, mara nyingi kwa jirani Mwislamu atakayealikwa mezani. Kanisa halikatazi manunuzi hayo. Linatualika tuyatanguliwe na kitubio, na kapu letu lisimsahau mhitaji wa Jumuiya yetu Ndogo Ndogo.