Mfunguo

Kalenda ya Kiislamu ina miezi 12, na Waswahili wa pwani waliipanga kwa kuitazama Ramadhani. Baada ya siku 29 au 30 za saumu, mwezi wa Shawwal ukiandama huitwa Mfunguo Mosi, yaani mwezi wa kwanza tangu kufungua. Hapo hufuata Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, hadi Mfunguo Tisa. Mitatu ya mwisho, Rajabu, Shaabani na Ramadhani, imebaki na majina yake ya Kiarabu.

Kwa hesabu hiyo, Idi ya kuchinja na ibada ya Hija huangukia Mfunguo Tatu, na Maulidi Mfunguo Sita. Wengine hutamka mfungo, lakini mfunguo ndilo neno linalobeba maana: limetoka kwenye kufungua.

Nguzo za Uislamu ni tano: shahada, sala, zaka, saumu na Hija. Sala hugawa siku ya Mwislamu. Kwa Mswahili, saumu iligawa mwaka mzima. Wapi kwingine ibada imepewa heshima ya kuwa chanzo cha kuhesabia miezi tisa?