Mraba Katika Udongo wa Babeli

Katika Mesopotamia ya kale, nchi ya mito ya Frati na Hidekeli ambayo leo sehemu yake kubwa imo Irak, makarani waliosoma kati ya mwaka 2000 na 1600 kabla ya Kristo walikuwa na neno moja la Kiakadi, mithartum, lililotaja mraba na papo hapo likataja urefu wa ubavu wake, kwa maana ya vitu vinavyokabiliana kwa usawa. Kiswahili kilishika njia nyingine, kwani mraba ni neno la asili ya Kiarabu lenye mzizi wa nne. Eneo, yaani ukubwa wa uso uliozungukwa na pande hizo, lilipimwa kwa sar, kiwanja ambacho kila ubavu wake ni dhiraa 12, takriban mita 6.

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kimehifadhiwa kibao cha udongo, BM 13901, chenye maswali 24 kuhusu miraba. Swali la kwanza linajumlisha eneo la mraba na ubavu wake, linapata robo tatu, kisha linataka ubavu ujulikane. Msomaji wa leo hukwama hapo hapo, maana kujumlisha urefu na eneo ni kama kujumlisha dhiraa za kitambaa na vibaba vya mchele. Mwanahistoria Jens Høyrup wa Denmark alionyesha, kwa kuyachunguza maneno yenyewe ya Kiakadi, kwamba karani aliupa ubavu upana wa 1, ukawa mstatili uliopachikwa kando ya mraba. Kisha akaukata mstatili huo katikati kwa urefu wake, akahamishia nusu moja kwenye ubavu wa jirani, na umbo likawa mraba mkubwa uliopungukiwa pembe moja. Pembe hiyo, nusu kwa nusu, ni robo. Robo ikiongezwa kwenye robo tatu hupatikana 1, ambayo ubavu wake ni 1, na ikiondolewa ile nusu iliyohamishwa, ubavu uliotafutwa ni nusu. Hii ni hesabu ya mkono unaokata na kubandika, nayo inastahili heshima kamili ya aljebra, ingawa haina herufi hata moja ya kusimama badala ya namba.

Kibao kingine, YBC 7289 cha Chuo Kikuu cha Yale, ni cha duara na kinaenea kiganjani, kama vilivyokuwa vibao vya wanafunzi. Juu yake umechorwa mraba wenye ubavu wa 30 pamoja na milalo yake, yaani mistari iungayo pembe zinazokabiliana, na kando ya mlalo zimeandikwa 1, 24, 51 na 10, ambazo kwa hesabu ya msingi wa 60 ni sawa na 1.414213 hivi, kipeuo cha pili cha 2 kilichokosea kwa chini ya sehemu moja ya milioni. Namba hiyo hiyo imo katika orodha ya namba za kukariri iliyo kwenye kibao kingine, kwa hiyo yaelekea mwanafunzi hakuigundua mwenyewe, bali aliizidisha kwa 30 na kuandika jibu, 42, 25, 35, chini yake.